Nilimcheka Rafiki Yangu kwa Watu wa Ng'ambo, Akaacha Kuimba

Admin, tafadhali jina langu ubaki nalo wewe. Niko na miaka hamsini na moja, nimeolewa, naishi Gatitu karibu na mji wa Nyeri. Kanisani wananiita mama wa ushauri. Hawajui.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, nimeajiriwa mjini kwa ofisi ndogo ya kupiga taipu na fotokopi. Bosi alinunua kompyuta, akaiunganisha na laini ya simu, tukaanza kuwatumia watu imeili. Wazazi walikuja na barua za kuwatumia watoto wao walio Amerika, mimi nazipiga, na jibu likija naliprinti. Ni kwa hiyo kompyuta niligundua kikundi cha Wakenya wa ng'ambo. Ukiandika neno moja linafikia wote. Nikajiita Kairitu wa Nyeri, yaani kasichana ka Nyeri, na bosi akienda chai natoa maoni yangu juu ya kila kitu: habari za redio, nyimbo mpya, hata ile hofu ati mwaka 2000 ukifika kompyuta zote zitazimika. Walinipenda! Mmoja aliandika, "Kairitu, umenichekesha mpaka mzungu wa ofisi ameniuliza kama niko sawa." Kwetu nyumbani hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza maoni, hata ya chumvi kwa mboga. Ile sifa iliniingia kichwani.

Nilikuwa na rafiki tangu shule ya msingi, wa huko Giakanja. Hapa nitamwita Muthoni. Huyo dada alikuwa anaimba kanisani mpaka wazee waliosinzia wanaamka. Alirekodi kaseti, na ya kwanza kabisa akaniletea mimi. Niliisikiliza ofisini, na wimbo wa tatu, ule alimtungia marehemu baba yake, ulinitoa machozi. Nataka mjue hilo kabla sijasema yale mengine. Kanisa moja la Wakenya huko Amerika lilisikia habari zake, likataka aende kuimba kwa mkutano wao wa Agosti. Mazungumzo yote yalipitia kwangu. Alikuwa ameanza kutafuta pasipoti.

Sasa kulipita kama wiki mbili naandika kwa kile kikundi na hakuna anayejibu. Siku moja mtu akauliza, "Kairitu, muziki wa nyumbani uko aje?" Kaseti ya Muthoni ilikuwa hapo mezani. Nikaandika kwamba kuna dada wa Giakanja ametoa kaseti, na anaimba kama mbuzi aliyesahauliwa kwa mvua. Nikaongeza kwamba kama kuna watu wanapanga kumwalika, wanunue pamba ya masikio mapema. Sikumtaja jina. Lakini Giakanja ilikuwa na wangapi wenye kaseti? Walicheka siku tatu, wakatumiana. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Baada ya siku chache imeili ikaingia kutoka kwa lile kanisa. Niliiprinti mwenyewe. Muthoni alikuja amevaa sweta yake ya Jumapili, akasema hakuja na miwani, nimsomee. Ilisema wamepata maoni ya watu wa nyumbani wanaomjua, kwa hivyo wameamua kualika mwimbaji mwingine.

Akaniuliza, "Watu wa nyumbani wanaonijua ni nani?"

"Sijui," nikasema.

"Nimekosea nani mimi? Si angeniambia tu kwa uso ati siwezi kuimba."

Nikamshika mkono. Nikamwambia aachane nao, ni watu wa wivu. Akalia kwa bega langu, na mimi nikalia pia, na mpaka leo anasema mimi peke yangu ndiye nilisimama naye siku hiyo.

Alipotoka niliandikia kikundi kwamba nilidanganya, kwamba huyo dada anaimba vizuri kuliko mtu yeyote nimewahi kusikia. Wakadhani ni mzaha mwingine. Walicheka zaidi. Lile kanisa ningeliandikia kwa jina langu, lakini nikaogopa bosi atajua nilikuwa nachezea laini yake, nipoteze kazi. Hiyo kazi niliiacha mwaka uliofuata. Muthoni naye alitoka kwaya Jumapili iliyofuata ile barua, akasema koo inamuuma. Koo imeuma miaka hii yote.

Mwezi uliopita msichana wake alinitembelea. Anaolewa Desemba, na huniita tata, yaani shangazi. Akaniambia, "Tata, kitu pekee nataka ni mum aniimbie. Amekataa kabisa. Anasema watu walishamsikia wakachoka. Sijawahi kumsikia akiimba, hata jikoni. Ati wewe ndiye unajua nini ilifanyika?"

Nilimwambia nitaongea na mama yake. Nimeenda kwa Muthoni mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea juu ya maziwa na bei ya mbolea. Mara ya pili nilifika hadi kusema, "Unakumbuka ile barua?" Akanikatiza: "Wacha hiyo. Ile ilinifunza marafiki wangu ni nani." Nikanywa chai yake.

Nikimwambia, ataimba kwa harusi ya mtoto wake akijua haikuwa sauti yake iliyokuwa na shida. Lakini itakuwa nimempokonya rafiki wa miaka arobaini wiki chache kabla ya siku kubwa. Nikinyamaza, nabaki na rafiki, na yeye anabaki akiamini sauti yake ni ya mbuzi.

Na kuna jambo lingine. Muthoni anasoma hii page. Nimewaambia nyinyi watu msiomjua kabla ya kumwambia yeye, na hiyo ndiyo dhambi ile ile. Ndugu zangu, msinihurumie. Nimwambie sasa, ama ningoje harusi ipite? Na nikifika mlangoni kwake, nianze na neno gani?