Shahidi wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajaondoa kitambaa kilichofunika cherehani, shangazi yangu alisimama dirishani, akaegemeza kiganja kwenye fremu, na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha vitu vya kununua sokoni: "Alitoka. Akasimama mlangoni. Akageuka. Akanitazama." Kisha aliguna, akavuta kiti, na kazi ikaanza.

Mpelelezi wa polisi ndiye aliyemfundisha. "Kesi huchelewa, mama," alimwambia, "na kichwa cha mtu huvuja. Jirudie kila siku, isije ikakupotea." Shangazi ni mtu wa kufuata maelekezo. Ukimwambia sketi iishie chini ya goti itaishia chini ya goti, hata kama amekutazama miguu na ana maoni yake. Kwa hiyo alijirudia. Na kwa sababu ya maneno hayo, kijana mmoja fundi rangi alikuwa rumande, akingoja siku ambayo shangazi angesimama mahakamani na kumnyooshea kidole. Hapakuwa na shahidi mwingine. Kijana yule angerudi kwao au angezeekea jela kutegemea kitakachotoka kinywani mwa shangazi.

Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halifumuki. Nguo inaweza kuchakaa, ikageuzwa tambara la kufutia meza, na pindo bado limeshika. Chumba chake ni kimoja, kinatazama barabara. Kina meza ya kukatia yenye makovu ya mkasi, cherehani ya kukanyaga inayolalamika ikipigwa mbio, na waya uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ambako nguo zilizokamilika huning'inia zikisubiri wenyewe. Wengine huja kesho yake. Wengine husahau kabisa, na nguo zao husogezwa mwisho wa waya, karibu na kona yenye giza.

Huongea na pini mdomoni. Amefanya hivyo tangu nilipokuwa mtoto na sijawahi kumwona ameimeza hata moja. Wateja wakivuta tumbo ndani ili futi isome vizuri, huwaambia, "Pumua, mwenzangu. Gauni nitalishona mimi, lakini pumzi ni yako." Alijifunza ushonaji kwa mama mkwe wake, akabaki na cherehani baada ya mume kufariki, na kwa cherehani hiyo alinilea mimi, mtoto wa kaka yake, mpaka nikaingia chuo kikuu. Siku niliyomwambia nimechaguliwa kusoma saikolojia alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ndiyo ya kusoma watu?" Nikasema ndiyo. "Basi njoo ukae hapa dukani. Wanakuja wenyewe, na wanavua nguo."

Tangu hapo akaniita Profesa.

Jioni ya tukio umeme ulikuwa umekatika. Nilirudi kutoka chuoni nikakuta watu wamejazana mbele ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Mwenye duka, mzee mmoja mtaratibu aliyekuwa akitupatia vidonge vya kichwa kwa mkopo wa maneno tu, alikuwa amepigwa kichwani kwa chuma. Alipona, ila kusema kwake hakujarudi. Anakutazama, midomo inatafuta, halafu anaacha.

Shangazi nilimkuta amekaa sakafuni chini ya meza ya kukatia, mkasi mkononi. Nilikaa naye hapo hapo, kwa kuwa hakutaka kutoka. Aliniambia hivi: "Nimeona mgongo. Mgongo na viatu. Mrefu, kofia imeshuka. Kulikuwa na giza, Profesa, nikajitupa chini."

Ndivyo ninavyokumbuka mimi. Naandika "ninavyokumbuka" makusudi, kwa kuwa kichwa changu nacho ni kichwa cha mtu.

Kesho yake chumba kilijaa. Hata wasio na nguo za kushona walikuja. Muuza mkaa wa kona ndiye alikuwa wa kwanza, akakaa kwenye kiti cha wateja kama aliyeitwa kutoa hukumu.

"Haya, Mama Pindo, tupe. Ulimwona?"

"Nilimwona mgongo."

"Mgongo! Mtu anakimbia asigeuke? Mwizi lazima ageuke aone kama anafukuzwa."

"Labda aligeuka," shangazi alisema. "Kidogo."

"Si ndiyo hapo! Akigeuka, anatazamana na nani? Na dirisha lako."

Shangazi alitazama dirisha, kama ndiyo kwanza limewekwa. Mchana, mteja mwingine alipouliza, alijibu kwamba mtu yule aligeuka. Mwisho wa wiki alikuwa amegeuka na kutazama. Mtu akaja na habari kwamba majambazi wa siku zile walikuwa vijana wembamba, mashavu yamebonyea. Siku chache baadaye nilimsikia shangazi akimsimulia mama wa bi harusi huku akimpima mabega: "Na mashavu yake, mwenzangu, yamebonyea hivi, kama amemeza hewa." Hakuwa anadanganya. Hilo ningependa lieleweke kabla ya mengine yote. Shangazi hawezi kukudanganya hata kwa kitambaa. Akikikata vibaya atakwambia kabla hujakigusa.

Wakati huo huo, chuoni, mhadhiri wetu wa mwaka wa kwanza alikuwa amefika kwenye mada ya kumbukumbu. Katikati ya somo mwanamke aliingia ukumbini, akanong'ona naye, akachukua kitu mezani, akatoka. Baada ya muda mhadhiri akatuambia tuandike tulichokiona. Wengine waliandika amevaa kilemba, wengine kichwa wazi. Aliyekaa jirani yangu aliandika kwamba alichukua simu, na alikuwa tayari kuapa. Mwanamke alichukua funguo. Mhadhiri aliwaacha wabishane, kisha akauliza, kwa upole sana, "Yule mwenye simu. Una uhakika kiasi gani?" Akajibu kwamba ana uhakika kabisa. "Ndiyo maana nimewaonyesha," mhadhiri akasema. "Kuwa na uhakika ni hisia. Mtu anaweza kuwa nayo na bado amekosea."

Akaongeza jambo ambalo nilitembea nalo mpaka nyumbani. Alisema sura ya mtu hukaa kichwani zaidi kuliko mahali ulipomwonea. Unakutana na mtu barabarani, unamsalimia kama ndugu, na hujui kwamba ni yule karani wa dirisha la posta. Unajua kwamba unamjua. Ulimjulia wapi, hilo limekwenda zake.

Nilimsimulia shangazi habari ya ukumbini. Alicheka mpaka pini zikamtoka. "Kwa hiyo umeamka alfajiri, umepiga mswaki, umekwenda chuo kikuu, ukafundishwa kwamba watu wanasahau?" Nilicheka naye. Sikujua nianzie wapi tena. Mimi si mtu wa maneno mengi, na yeye alikwisha geukia shati lake.

Kisha wakamwita kituoni kwa gwaride la utambulisho. Nilimsindikiza, nikaachwa kwenye benchi la nje, chini ya feni isiyozunguka. Yaliyotokea ndani nayajua kwa kusimuliwa naye, tukiwa njiani kurudi. Wanaume walipangwa ukutani. Mpelelezi alimshika kiwiko akamwambia, "Usiwe na haraka, mama. Yumo." Akapita mbele ya wa kwanza, hapana. Akawapita wengine, hapana. Akafika kwa kijana mmoja.

"Moyo uliniruka," alisema. "Nilimjua, Profesa. Nilimjua kama ninavyokujua wewe."

Mpelelezi alimpa mkono. Alimwambia, "Umegonga penyewe. Ndiye tuliyemshuku tangu mwanzo." Shangazi alitembea kwa namna nyingine siku ile, kama aliyeongezwa urefu. Mke wa mzee wa dawa alikuja jioni akamkumbatia mlangoni na kulia, na barabara nzima ikaona. Tangu hapo simulizi haikuwa na "labda" ndani yake. Uso ulikuwa umepata mwenyewe, na kila asubuhi ukaitwa dirishani.

Miezi ikapita. Alipata usingizi mzuri kuliko mimi.

Siku moja kabla ya kesi, mchana, mwanamke mmoja alipiga hodi. Hakuwa wa mtaa wetu. Alikuwa na mfuko wa kitambaa na viatu vilivyokwisha upande mmoja. Shangazi alikuwa akibana mkono wa blauzi, mimi nikikata nyuzi.

"Karibu, dada. Kushona au kuchukua?"

"Kuchukua. Suruali ya mwanangu. Ya kijivu. Aliileta kupunguzwa miguu, kitambo kidogo, kabla ya matatizo."

"Matatizo gani tena, jamani?"

"Yuko ndani." Alisema kwa kuzoea, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siku nyingi. "Kesho wanampeleka mahakamani. Nimesema asiende na suruali ya kazi, ina rangi mpaka mfukoni. Akaniambia, mama, ninayo nzuri kwa fundi, sikuwahi kuifuata."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi rangi."

Shangazi alianza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye kifuko chake polepole. Aliinuka. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa waya, kwenye kona, akasukuma nguo za waliosahau, akatoa suruali ya kijivu. Hakuuliza urefu wala jina.

"Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo," alisema, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Ndiyo!" Uso wa yule mama ulifunguka. "Alivunjika akiwa mdogo. Akitembea huwezi kugundua."

"Futi iligundua. Nilimpima mwenyewe. Alisimama hapo uliposimama."

"Basi unamjua mwanangu!" Alishika meza kwa mikono miwili. "Unamjua. Mpole, sivyo? Alikusalimia vizuri?"

"Alinisalimia vizuri."

"Wanasema yupo mwanamke aliyemwona akitoka dukani. Duka lenyewe wala sijui ni lipi. Mimi simlaani huyo mama. Nasema tu, labda alimwona mtu mwingine, akadhani ni yeye. Inatokea, au haitokei?"

Shangazi alikuwa ameiweka suruali mezani na kuchukua pasi. Aliinyoosha mguu mmoja, kisha mwingine, akafuata mkunjo mpaka chini kwenye pindo, akabonyeza hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mvuke ulipanda usoni mwake. Nilimtazama nikaona midomo yake inatikisika kidogo, nikadhani, kwa furaha, kwamba amefika. Kwamba ameona kile nilichokiona mimi: moyo ulioruka kwenye gwaride haukuruka kwa sababu ya mwizi wa dukani. Ulimruka kwa sababu ya mteja aliyepimwa miguu.

Aliikunja suruali, akaitia kwenye mfuko wa yule mama, akakataa malipo. Yule mama alishukuru, akamshika mkono, akamwombea afya ya macho na mikono kama wanavyoombewa mafundi, akaondoka. Tulimwona akisimama ukingoni mwa barabara, mkabala kabisa na duka la dawa, akingoja magari yapite, kisha akavuka akapita mlangoni pake bila kuligeukia.

Shangazi alibaki amesimama.

"Kumbe alikuja hapa," alisema hatimaye.

Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia nyuzi na nakumbuka nilikiweka chini taratibu, kama kuna mtoto amelala.

"Alikuja hapa kabla. Nikampima." Macho yake yalikuwa sakafuni, mahali pale pale aliposimama yule mama. "Alikuwa amesimama hivi, uso kule." Aliinua kidole kuelekea ng'ambo. "Mimi niko chini na futi, namwambia simama wima, na yeye hanisikii. Anatazama duka la dawa. Sasa nakumbuka. Alikuwa analichunguza, Profesa. Ndiyo maana alichagua fundi wa hapa."

Alisema "sasa nakumbuka" kwa sauti ya mtu aliyepata sindano iliyopotea. Hakukuwa na hila ndani yake. Nililiona jambo lile likimwingia mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na kukaa pamoja na mashavu na mlango na kugeuka, na nikajua kwamba kesho atalisema na mahakama nzima itamwamini, kwa kuwa hata mimi, kwa kitambo kifupi, nilimwona yule kijana amesimama pale akitazama ng'ambo.

Akarudi kwenye kiti. Akavuta blauzi. Mguu ukatafuta kanyagio.

Miezi yote ile sikuwa nimemuuliza kitu. Nilikuwa mtoto wake, na mtu hamhoji aliyemlea. Lakini cherehani ikianza nisingeweza kusema juu ya kelele zake. Nikaweka mkono wangu juu ya gurudumu.

"Shangazi, jioni ile, ukiwa hapa dirishani, uliuona uso wake?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama anavyofikiri kabla ya kukata kitambaa cha mtu.

"Jioni ile sijui, mwanangu," alisema. "Lakini sasa nauona."