Mpepeaji wa Herode

Enzi za Mdachi, kwenye misheni moja ya Uluguru, mwalimu wa mchezo wa Noeli alikuwa yule yule aliyecheza Herode miaka nenda rudi, mpaka goti likamshusha jukwaani. Alifundisha kwa vidole, taratibu, kama anayechambua mboga. Mwaka ule Kristina, aliyecheza mama aliyeuliwa mwanawe, alitakiwa kumkemea Herode mpya, naye ni baba mkwe wake. Kila zoezi alificha uso kwa kanga, akanong'ona, "Shikamoo, baba." Wenzake wakacheka, mwalimu hakucheka. Asubuhi ya Noeli alimwambia, "Nitazame mimi, mwanangu. Herode wa kwanza ni mimi." Akachukua pepeo, akachechemea hadi nyuma ya kiti cha mfalme. Kristina akamkazia macho, akakemea mpaka kina mama wakalia. Mzee akapepea tu, akayapokea yote. Kristina hakuwa amewahi kumshukuru mtu kwa sauti kubwa kama kwa makemeo yale.