Jeraha Nililolifuta

Sanamu ile iliingia Riyadh ndani ya sanduku la mbao lililojazwa sponji, na wanaume wanne waliibeba polepole kama wanaobeba mgonjwa. Baba, ndivyo tulivyomwita bosi wetu, aliinunua mnadani huko Ulaya. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Olaya, na nyumbani alikuwa na chumba kizima cha vitu vya kale: majambia, mitungi, misahafu mikuukuu, na sasa mtakatifu wa Kikristo mwenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Alikuwa msichana aliyechongwa kwa mti na kupakwa rangi miaka mia tatu iliyopita. Joho lake la dhahabu lilipeperuka bila upepo. Macho yalikuwa ya kioo, mdomo wazi kidogo, na shingoni alikuwa na jeraha la upanga, damu ikishuka matone matone hadi kifuani. Mfiadini. Walimtaka aikane imani yake, akakataa, wakamuua. Jina lake sikulijua, na katika nyumba ile hapakuwa na wa kumwuliza.

Kusafisha chumba kile ilikuwa kazi ya mwenzangu, dada wa Mombasa niliyelala naye chumba kimoja. Mimi ni Mkatoliki wa Kakamega. Yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano, na kilichomfanya avumilie nyumba ile ni ahadi moja tu. Kila Ramadhani familia huenda Jeddah, na kutoka hapo huenda Makka kufanya umra. Baada ya miaka miwili ya kusubiri, madam, mkewe baba, alimwambia mwaka huu na yeye yumo. Alikwisha kushona baibui jeupe. Kwenye karatasi ya daftari alikuwa akiandika majina ya watu atakaowaombea mbele ya Kaaba.

Siku sanamu ilipofika aliitazama mara moja tu, akarudi jikoni.

"Mimi hilo siligusi, dada. Lanitazama."

Tena akamwambia madam vivyo hivyo, maana kuficha hakujua. Madam akacheka, akasema kazi ni kazi. Basi tukabadilishana kimyakimya: mimi nimfute mtakatifu vumbi, yeye anipigie pasi kanzu za baba. Akanipa na agizo.

"Baba asema brashi kavu tu. Maji mafi, hakuna, hata tone."

Nilimwambia huko kwetu watakatifu wanaoga.

Na ni kweli. Parokiani kwetu, wiki ya kabla ya Jumatano ya Majivu, akina mama huzitoa sanamu zote nje na kuziosha kwa maji ya sabuni, huku wakiimba na kusengenya. Mama yangu ndiye mwenye beseni miaka yote. Sanamu zetu ni za saruji, zimepakwa rangi ya mafuta, ile ya milango. Hata uzisugue kwa steelwool hazijali. Mwaka ule mama alikuwa amelazwa, figo zinamsumbua. Mimi nilikuwa sijaona misa kwa miezi ishirini, na Majivu yalikuwa yanakaribia. Asubuhi moja, baba yuko kazini na madam bado amelala, nikajaza beseni.

Nilianzia shingoni. Nilikuwa nasali, tena kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike nchi ile. Nilipotazama kitambaa kilikuwa chekundu. Rangi ilikuwa imevimba, ikabanduka kama utando wa maziwa, na damu yote ikabaki mkononi mwangu. Chini yake palikuwa na plasta nyeupe. Akabaki msichana tu, shingo nzima, kama mtu ambaye hajawahi kukataa chochote.

Baba aliona alasiri hiyohiyo. Hakupiga kelele. Alimwita madam, na madam akatuita sote wawili.

"Chumba ni chako," alimwambia mwenzangu. "Hilo sanamu hukulipenda tangu mwanzo. Ndiyo maana umelikwangua?"

"Sikuligusa, madam. Wallahi."

"Nani, basi?"

Alinigeukia, bila kunishtaki, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nafasi ya kusema ilikuwa yangu. Nikatazama vigae. Nilifikiria dawa za mama, nikafikiria ikama yangu, kile kibali cha kukaa, iliyokuwa karibu kuisha, nikafikiria mambo mengi ya maana, na yote yalikuwa uoga mtupu.

"Halas, yamekwisha," madam akasema.

Kesho yake asubuhi mwenzangu alirudishwa kwa wakala aliyemleta. Alipokuwa akifunga begi hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana. Alinipa ile karatasi.

"Mpe madam, akifika huko asome. Usiitupe."

Nikasema sawa. Hata pole sikusema.

Ramadhani ilipofika, kiti chake katika gari la kwenda Jeddah nilikikalia mimi, kwa sababu lazima mtu apike futari. Makka mimi siingii, kwa hiyo wao walipokuwa wakijitayarisha kutoka Jeddah, nilibaki jikoni na karatasi nikaikunjua. Majina kumi na tisa. Mama yake, wanawe, mwalimu wake wa chuoni, jirani mjane. La nne lilikuwa jina la mama yangu, la Kikristo zima zima, na pembeni ameandika: figo. La kwake mwenyewe halikuwemo. Alijua atakuwepo.

Kalamu ilikuwa juu ya friji. Niliishika. Lakini nikiandika jina lake madam atalitambua, atauliza, na maswali yataanza upya. Nikairudisha. Madam akaingia kuchukua tende.

"Hayo majina ni ya nani?"

"Ni ya watu wangu, madam. Naomba uyasome huko."

Akaitia karatasi mkobani. Yalla, twendeni, na wakashuka kwenda garini.

Aliporudi alinijia jikoni mwenyewe, amechoka, uso umemlainika. Alisema ameyasoma yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata mtu mmoja aliyesahauliwa.