Fundi wa Baiskeli na Mto wa Ufaransa

Kila Josée akifika karakana ya Shituru kuulizia baiskeli yake, fundi hufuta kidole kwa kitambaa, kisha hukipitisha kwenye ramani ya Ufaransa iliyobandikwa ukutani, akifuata mto Dordogne kijiji kwa kijiji, taratibu, kama padri anayesoma misa. Mto wenyewe umekuwa mweusi kwa grisi. Leo ni siku ya tano, magunia ya makala, yaani mkaa anaouza Josée, yananyeshewa nyumbani, na damu inamchemka.

"Baba, velo yangu iko wapi?"

Fundi akaitoa inang'aa, akainyanyua kwa mkono mmoja. "Ona, mama, iko mwepesi!"

Josée akatazama nyuma ya kiti. Chuma cha kufungia magunia hakipo. "Na porte-bagages?"

"Nilitoa," fundi akasema kwa upole, kidole kimesharudi mtoni. "Kule hakuna muntu anabebaka makala."