Waya wa Kwenda Ghalani

Usiponiamini, shauri yako. Ghala ninalolisema liko nyuma ya nyumba yangu hapa Kathonzweni, na ndimo ninamofundishia hesabu kwa kompyuta watoto walio mbali. Njoo ulione.

Mume wangu alipofariki, shemeji alianza kuniambia nirudi kwetu Kitui. Kazi hiyo ya mtandao ndiyo iliyonilisha na kuniweka bomani. Mawimbi ya Wi-Fi hayakuweza kupenya mawe na mabati ya ghala, kwa hiyo fundi alichimba mtaro kutoka nyumbani, akafukia waya. Siku ya kwanza nilifundisha vizuri. Siku ya pili, mchana, mtandao ukakata.

Tulitafuta kosa mpaka tukachoka. Rauta ilikuwa nzima. Fundi akabadilisha vichwa vya waya, wapi! Tukatandaza waya mpya juu ya ardhi, mtandao ukaja mbio. Tukaufukia waya huohuo mbuzi wasiutafune, ukafa; usiku ukarudi wenyewe. Wewe ungesemaje? Mimi nilisema mchwa. Shemeji alikuwa na yake.

"Si nilikuambia, shemeji? Hata wenye walilala hapa wamekukataa. Funga hizo vitu zako uende."

Nilimwambia aende yeye. Lakini moyoni niliogopa, maana mwajiri alikuwa ameshanionya: somo moja tu likatike tena, kazi basi.

Kesho yake, jua la utosi, somo likikaribia, mtandao ukapotea. Nikachukua jembe nikatoka kwa hasira. Naapa sikuwa na homa wala usingizi. Juu ya mtaro alikuwa ameketi bibi kizee mmoja, miguu ameinyoosha, anasuka kiondo.

"Wakya," akanisalimu kwa Kikamba.

"Aa, susu," nikaitikia, kama tunavyomwita nyanya, nikidhani ni mzee wa jirani. Kisha nikaona anachosukia. Haikuwa katani. Zilikuwa nyuzi za kijani, buluu, chungwa na kahawia, zilezile zinazokaa ndani ya waya wa mtandao.

Nywele zilinisimama. Lakini hebu niambie, ningekimbilia kwa nani? Kwa shemeji?

"Susu, hiyo unasuka ni kazi yangu," nikasema.

"Na hapa mmepitisha kamba ni kifua changu," akajibu bila kuinua macho.

"Basi nionyeshe pa kuipitisha. Lakini mimi hapa sitoki."

Hapo akaniangalia, akacheka. "Hata mimi mzee wangu alipokufa waliniambia nitoke. Si unaniona bado niko?" Akanyoosha kidole kwenye tangi la maji. Nilipogeuka kulitazama tangi na kurudisha macho, hakuwapo. Kiondo kilikuwa pale chini.

Nikachukua waya wa akiba, nikauzungusha nyuma ya tangi mpaka ghalani. Mtandao ukaja. Nilifundisha somo lile nikihema, watoto wakinicheka.

Jioni tuliufukua ule waya wa mtaroni. Ganda halikuwa na hata mkwaruzo, ila ndani lilikuwa tupu. Fundi alikataa kuushika. Nikamuuliza shemeji nani amezikwa pale. Akainamisha kichwa.

"Ni susu yetu," akasema. "Alikataa kutoka, sasa wakamzika tu hivyo, bila saruji."

Kumbe alijua! Alisimama pale tukichimba, akanyamaza, akingoja wafu wamfanyie kazi ya kunifukuza. Sijamsamehe mpaka leo.

Nililijengea lile kaburi saruji. Waya unapita kwenye tangi na haujakata tena. Mchungaji alitaka kiondo kichomwe. Nikamwambia nitakitumia kubebea Biblia, na ndicho ninachokwenda nacho kanisani kila Jumapili. Shemeji akikiona, hubadilisha benchi.

Kwa hiyo ukitaka kuchimba bomani, uliza kwanza nani amelala hapo. Na wewe unayengoja mjane afungashe virago, angalia unapokanyaga. Huenda chini yako kuna mwingine aliyeambiwa atoke.