Raija, katibu aliyeacha kunyoosha maneno ya meya

Jumanne, saa mbili kamili asubuhi. Raija Kuivasto anavua buti mlangoni mwa ofisi ya manispaa ya Kuurajoki, anavaa makubazi yake ya sufu, anamimina kahawa, kisha anajifunika masikio kwa hedifoni. Mguu wake wa kulia unatafuta kanyagio chini ya meza. Akikanyaga, sauti iliyorekodiwa kikaoni inatembea. Akiachia, inasimama.

Diwani mmoja analalamikia mchanga uliomwagwa barabarani wakati wa barafu na ambao mpaka leo hakuna aliyeuzoa. Raija anaandika mstari mmoja, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, anasahihisha.

"Amesema 'labda'," anasema bila kuinua macho. "Nilikuwa nimeiruka."

Raija ana miaka 59. Kwa miaka 26 ndiye anayeandika kumbukumbu za baraza la manispaa hii, kwa mshahara ambao sasa umefika euro 2,700 kwa mwezi kabla ya kodi. Manispaa nyingine huandika maamuzi tu. Hapa Kuurajoki huandikwa kila kilichosemwa, tangu ugomvi wa daraja wa mwaka 1957, pale kila upande ulipoapa kwamba upande wa pili ndio ulioahidi kulijenga.

Saa moja ya maneno humgharimu saa nne za kuandika. "Si kazi ya kumtajirisha mtu," anasema. "Lakini mtu akibishana na mwenzake, wote wawili wanakuja kwangu."

Hadi vuli iliyopita, wengi kati ya wakazi elfu nne wa hapa hawakulijua hata jina lake. Kisha mji ukagawanyika juu ya swali moja: meya bado anaiweza kazi yake?

Meya ni Ismo Lehtovirta, mwenye umri wa miaka 63, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuingia ofisini miaka tisa iliyopita. Watu walimpenda kwa sababu simu yake aliipokea mwenyewe. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo anaishi peke yake kando ya mto.

Mwezi wa Oktoba mambo yakaanza kwenda mrama. Aliuliza swali moja mara tatu katika kikao kimoja. Aliagiza basi la wanafunzi lipitie shule ya Mustaniemi, ambayo ilifungwa miaka kumi na moja iliyopita. Siku ya kufungua kituo kipya cha zimamoto alisimama mbele ya utepe, mkasi mkononi, akanyamaza dakika nzima huku watoto wakimtazama.

Kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, ambako wazee wa mji hunywa kahawa yao ya asubuhi, hapakuwa na habari nyingine. Keijo Tanhua, mstaafu wa kiwanda cha mbao, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Jamani, huyu ndiye anayetia saini mkataba wetu wa maji," alisema. "Nikimuuliza leo ni siku gani, atanijibu?"

"Amelewa tu huyo," akadakia mwenzake.

"Angekuwa amelewa nisingekuwa na wasiwasi. Mlevi akilala, kesho anaamka na akili zake."

Keijo ndiye aliyeweka fomu ya saini karibu na mashine ya kahawa, ya kutaka meya aondolewe. Katika siku tisa zilipatikana saini 611. Wako waliosaini kwa hasira. Wako waliosaini wakitokwa na machozi, kwa sababu meya aliwafundisha kuhesabu. Na wako waliogombana na ndugu zao juu ya fomu ile mpaka wakaacha kutembeleana.

Baraza likaunda kamati ya madiwani watano, chini ya Outi Vasara, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ili ishauri kama ipigwe kura ya kumwondoa. Kitu cha kwanza walichoomba ni kumbukumbu za vikao vyote tangu Agosti.

Kumbukumbu zilikuwa safi. Kila hotuba ya meya ilianza vizuri, ikapita katikati, ikafika mwisho.

Diwani mmoja wa upande wa meya alisimama barazani akazipunga hewani. "Hizi ndizo sentensi za mtu aliyepungukiwa?" aliuliza. "Mimi mwenyewe siwezi kusema vizuri hivi hata nikilipwa!"

Ukumbi ukacheka. Raija, aliyekuwa mezani kwake akiandika, hakucheka.

"Zilikuwa sentensi zangu," anasema sasa.

Anaeleza kwamba kila katibu hunyoosha kidogo. Kikohozi hakiandikwi, wala "eee" ya mtu anayetafuta neno. Lakini mwishoni mwa Septemba meya aliacha sentensi ikining'inia, na Raija akaimalizia.

"Nilijua alichotaka kusema. Nimemsikiliza miaka tisa. Kikao kilichofuata nikamalizia tatu. Kufika Novemba nilikuwa natunga hotuba nzima, na yeye anazipitisha bila kushtuka."

Ukimuuliza kwa nini, anakutajia binti yake.

"Binti yangu aliogopa hesabu hadi anatapika asubuhi ya mtihani. Ismo alimkalisha mezani kwake Jumamosi zote za mwaka mmoja, bila kutaka hata asante. Leo binti yangu ni mpima ardhi. Sasa mtu kama huyo unamwandikaje kwamba amepotea katikati ya sentensi?"

Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba kumbukumbu zikishapitishwa, sauti inafutwa. Ya kikao cha Novemba ilikuwa bado. Alhamisi iliyofuata, kama Alhamisi zote, chakula cha mchana kilikuwa supu ya njegere, na Raija aliiacha ikapoa. Kubonyeza kitufe kimoja kungetosha kuifuta sauti ile. Hakuna ambaye angejua.

Jumamosi asubuhi alikitia kinasa sauti mfukoni, akaenda nyumbani kwa meya. Hakwenda kwa kamati. "Kumsema mtu kwa wengine kabla ya kumwambia mwenyewe, mama yangu hakunilea hivyo," anasema.

Ismo alimfungulia akiwa na furaha. "Raija! Karibu ndani. Umeniletea karatasi za kusaini?"

"Nimekuletea maneno yako, Ismo."

Walikaa jikoni. Meya alichemsha kahawa, akasahau kuimimina. Raija akaweka kinasa sauti mezani, akakiwasha.

Sauti ikasema: "Kuhusu bomba, lile, hilo bomba la... tulisema, sasa, wale wa... hilo." Kisha kimya. Raija alikwisha kukipima kimya kile: sekunde 41.

"Huyo nani?" Ismo akauliza.

"Ni wewe. Kikao kilichopita."

Uso ukambadilika. "Wamekutuma! Outi na genge lake wamekutuma uje unichunguze nyumbani kwangu! Unanirekodi kama mwizi?"

"Nimekurekodi kila kikao kwa miaka tisa, na ulikuwa unajua. Hakuna aliyenituma. Ngoja nikusomee nilichokiandika mimi."

Akamsomea: aya nzima juu ya bomba la maji, iliyonyooka kama rula.

"Umeandika vizuri," Ismo akasema taratibu.

"Nimeandika uongo. Nilidhani nakuficha wasikucheke. Kumbe nilikuwa nakuficha hata kwa daktari."

Ismo alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe mwenyewe, akasikiliza tena. Akarudia mara ya tatu. Halafu akasema jambo ambalo Raija anasema hatalisahau.

"Mimi kichwani nilikuwa naisikia sentensi nzima. Kila mara. Nzima kabisa."

Hapo ndipo Raija alipoanza kumuuliza mengine. Kichwa kinauma? Kinauma tangu Oktoba. Alianguka? Ndiyo, mwanzoni mwa Septemba, alipokuwa akivuta mashua kuipandisha nchi kavu. Aliteleza gatini akajigonga kisogo. Alimwambia nani? Amwambie nani, nyumba haina mtu. Tena ilikuwa nundu tu.

"Vaa koti," Raija akamwambia.

"Leo Jumamosi."

"Vaa koti, Ismo. Usinifanye nikuvalishe."

Alimwendesha kilomita sabini hadi hospitali ya mkoa. Picha ya kichwa ilionyesha damu iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo kwa wiki nyingi na kukusanyika kati ya fuvu na ubongo, ikiukandamiza. Walimfanyia upasuaji kesho yake. Madaktari walimweleza kwamba wengi hupona, ila polepole, na wengine hawarudi walivyokuwa.

Raija angeweza kuishia hapo. Meya yuko hospitali, huruma ya mji imeamka, nani angeuliza habari za kumbukumbu? Lakini kikao cha Desemba kilikuwa kinakuja, na karatasi zake ndizo zilizokuwa mezani kwa madiwani. Alikwenda wodini kumuuliza Ismo, aliyekuwa na bandeji kichwani na sauti ya chini.

"Wasikilizishe," Ismo akamwambia. "Yote. Na waambie naumwa nini, nimekuruhusu."

Akaandika ruhusa hiyo kwa mkono wake, mwandiko ukipanda na kushuka.

Siku ya kikao, viti vya wananchi vilijaa hadi watu wakasimama ukutani. Raija aliomba nafasi ya kusema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ile. Aliwasha sauti ya Novemba, kisha akasoma alichokuwa ameandika. Alifanya hivyo kwa hotuba mbili. Ya tatu Outi alimzuia kwa mkono: inatosha.

Yule diwani aliyepunga karatasi alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Umetudanganya, Raija! Nimesimama hapa kama mpumbavu nikiyasifu maneno yako!"

"Ni kweli," Raija alijibu. "Nakuomba radhi. Na nyinyi mlio kule nyuma, mlioona kwa macho yenu halafu mkaambiwa karatasi zinasema vingine, nawaomba radhi zaidi."

Wapo waliotaka afukuzwe siku ileile. Alipewa onyo la maandishi na kuamriwa aziandike upya kumbukumbu za Novemba, neno kwa neno, kimya kwa kimya, na zile ambazo sauti zake zilikwisha kufutwa azitie alama kila mahali alipomalizia maneno ya meya. Onyo analo kwenye droo ya juu ya meza yake, na hukuonyesha ukimwomba.

Outi Vasara, akizungumza na gazeti hili akiwa zizini, alisema kamati yake nayo ilikuwa na la kujifunza. "Tulikuwa na kambi mbili. Moja inasema meya mzima kama chuma, nyingine inasema hafai. Tumebishana wiki saba. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, huyu mtu kabadilika ghafla, nani ampeleke hospitali? Ng'ombe wangu akiacha kula siku moja tu namwita daktari."

Baraza halikumwondoa meya, wala halikujifanya kwamba hakuna tatizo. Kwa kura 15 dhidi ya 6 liliamua akae pembeni, makamu wake ashike kazi, na asirudi mpaka daktari athibitishe na yeye mwenyewe ahojiwe hadharani.

Alihojiwa mwanzoni mwa Aprili, barafu ya mto ikianza kupasuka. Alisimama saa moja na nusu. Aliulizwa bajeti, bomba, shule, na diwani mmoja akamuuliza jedwali la kuzidisha la kumi na tatu, ukumbi ukaguna kwa aibu. Ismo alilijibu hadi mwisho, akasema, "Umesahau kuniuliza la kumi na saba." Watu wakacheka, na safari hii Raija naye alicheka.

Hakuficha kwamba bado anachoka mapema. Kwa hiyo hadi vuli anafanya kazi nusu siku, na mikataba mikubwa inasainiwa na yeye pamoja na makamu wake. Kura za kumrudisha zilikuwa 16 dhidi ya 5. Baadhi ya wakazi hawajaridhika mpaka leo, na wanasema hivyo waziwazi.

Asubuhi iliyofuata meya aliingia kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta, akaenda moja kwa moja hadi meza ya Keijo Tanhua.

"Mimi nilisaini," Keijo akamwambia kabla hajasalimiwa. "Na nikiona sababu, nitasaini tena."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe," Ismo akasema, akavuta kiti. "Ukiona sababu, usisaini tu. Nipigie na simu. Nyumbani hakuna wa kuniambia."

Keijo akasogeza sahani ya mkate mtamu wa iliki hadi katikati ya meza. Sasa hupiga simu kila Jumapili, na anasema humuuliza meya siku na tarehe, kwa mzaha na si kwa mzaha.

Tangu mwezi huu sauti za vikao hazifutwi tena. Zinakaa maktaba kwa miaka miwili, na yeyote anaweza kwenda kusikiliza. Pendekezo hilo alilileta Raija mwenyewe, na lilipita bila kupingwa.

Amebakiza miaka sita kabla ya kustaafu, na ana mpango mmoja ambao ameshauanza. Kila mwezi, Mirva Ojanperä, karani kijana wa idara ya huduma za jamii, huchukua saa moja ya sauti na kuilinganisha na alichoandika Raija. Makosa anayaandika kwenye karatasi anayomkabidhi Raija mkononi. Mwezi uliopita yalikuwa mawili.

"Umri wangu nao unakwenda," anasema Raija, akivua hedifoni na kuziweka mezani. "Nimemwambia Mirva: siku ukiona yanazidi, usinionee huruma na usiende kuwaambia wengine kwanza. Njoo nyumbani kwangu Jumamosi, nitakuwa nimechemsha kahawa. Niambie usoni, kisha unisaidie kutafuta koti langu."