Kambare Watatu wa Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa dobi, na tusimung'unye maneno: mtaa mzima hapakuwa na wa kumfikia kwa usafi. Shati likitoka mikononi mwake lilinyooka mpaka mwenyewe akaona haya kulivaa. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ya pasi, beseni za wanga, na harufu ya sabuni iliyowafukuza hata mbu. Doa kwake lilikuwa adui wa ukoo. Ukimtembelea na kola chafu, alizungumza nawe akiiangalia kola.

Usafi huo ndio uliomponza.

Mumewe, Mzee Gia, alikuwa dereva wa malori. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa mtu wa barabarani, anakuja na nguo chafu, anaondoka na nguo safi, basi, mpaka safari nyingine. Alipostaafu watu walidhani atafungua duka au atanunua gari la kukodisha. Yeye alinunua tangi la samaki, tena la kioo kinene, akaliweka sebuleni na kulijaza kambare. Usifikirie kambare wa kukaanga. Hawa walikuwa vibete, urefu wa kidole gumba, wana sharubu mdomoni na maringo kumshinda bibi harusi. Maji yakibadilika kidogo, wanaugua. Mchanga ukiwa na ncha kali, sharubu zinaliwa zinakwisha. Kila jioni Mzee Gia alikaa mbele yao, mikono magotini, akisubiri siku watakayotaga mayai. Mkewe akipita na bando la nguo alikiona kisogo chake tu.

Sasa ikatokea Mzee kasafiri siku chache kumsaidia dada yake kuhama nyumba. Mama Pasi akabaki na tangi lile, anaangalia ukungu wa kijani kwenye kioo, anaangalia kile kisifongo cha kuchujia maji kilivyokuwa cheusi tititi, na roho ikawa haitulii. Akasema moyoni, huyu bwana akirudi atakuta samaki wake wanaishi kama watu. Akawahamishia kwenye ndoo. Mchanga akauchemsha kwa magadi. Kioo akakisugua kwa sabuni ya unga na dawa ya madoa. Kisifongo akakikamua kwa maji ya moto mpaka kikarudi rangi ya njano ya dukani. Halafu akajaza maji ya bomba, maangavu kama hayapo, akawarudisha samaki na kukaa kusubiri sifa.

Kabla jua halijazama walikuwa wamegeuka matumbo juu, wote. Wote isipokuwa watatu, ambao walikuwa wamejibanza ndani ya ndoo, kitakoni, kwenye maji yao machafu, na yeye kwa haraka zake hakuwaona.

Mzee Gia aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliangalia tangi, akaangalia ndoo, akauliza, "Umeliosha kwa nini?"

"Lilikuwa chafu."

Basi. Alitoka nje uani, akakaa kwenye kipande cha ukuta akiipa nyumba mgongo, na tangu siku hiyo sebuleni hakukanyaga ila kwa kupita kwenda kulala. Akisalimiwa anaitika. Akipewa chakula anasema, "Asante, mama." Zaidi ya hapo hukupata neno kwake. Siku moja akampigia simu dada yake na kumwambia aje alichukue lile tangi akapandie maua.

Mama Pasi alilia, ndiyo, tena kwa sauti, uso kwenye lundo la foronya za wateja. Alipomaliza alizifua upya zile foronya, kisha akajifunga kibwebwe. Wale watatu watazaa, alisema, na watazaa humu humu sebuleni, na huyo mwanamume atarudi kukaa ndani ya nyumba yake. Kama ni elimu ndiyo iliyokosekana, elimu haiuzwi gizani.

Akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mwanamke mnene mcheshi ambaye duka lake lilikuwa na joto kama jikoni. Alimweleza kila kitu bila kuficha hata magadi. Muuza samaki alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, wewe hukuosha tangi. Umelifulia na kulipiga pasi."

"Cheka umalize, halafu unifundishe."

Yule mwanamke akamfundisha. Kwamba ule utelezi mweusi kwenye kisifongo ni kitu kilicho hai, na ndicho kinachokula sumu ya mikojo ya samaki. Ukikiua, samaki wanakufa kwa uchafu wao wenyewe ndani ya maji meupe. Kwamba maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, lazima yalale kwenye pipa wazi kabla hujayatumia. Na kwamba tangi huwa halitiwi samaki likiwa jipya. Linatiwa maji, linawashiwa pampu, linalishwa chakula kidogo kidogo kikaoze, mpaka ule utelezi uote tena.

"Nililishe tangi halina samaki?"

"Lilishe, na ukae mbali nalo. Wewe hasa, kaa mbali."

"Basi nipe na kisifongo chako kimoja cha zamani. Nipe kilicho kichafu kuliko vyote."

Nakwambia, kama ungemwona dobi yule anapita mtaani na mfuko wa maji meusi kifuani, ameukumbatia kama kitoto kichanga, ungejua mapenzi ni kitu gani. Mchanga alinunua ule laini, akauchekecha kwa kitambaa cha pazia, na kila punje iliyomkwaruza kiganjani akaitupa. Akaleta mapipa mawili uani, karibu kabisa na pale alipokaa mumewe, akayajaza maji na kuyaacha wazi yalale. Akatenga ndoo moja ya maji ya tangi na kuifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, ole wake atakayeigusa na sabuni. Kazi yote ya kufua akaihamishia nyuma ya nyumba. Wateja wakauliza kulikoni, akawajibu kuwa sebuleni pana mgonjwa.

Siku mbaya zilikuwa zile za mwanzo. Maji yalipauka yakawa meupe kama wanga, na harufu ikapanda mpaka kwenye mapazia. Mama Pasi alikaa mbele ya uchafu ule amekalia mikono yake mwenyewe. Mwili ulimwasha. Akampigia muuza samaki, akaambiwa aache. Akapiga tena, akaambiwa, "Mama, acha." Aliacha, lakini alifua mapazia yote ya nyumba ili apate pa kutolea hasira.

Katikati ya hayo wifi yake akaja, na mkokoteni mlangoni.

"Wifi, nimefuata tangi langu. Kaka kanipa."

"Karibu, wifi. Chai ipo. Tangi halitoki."

"Halitoki? Na harufu yote hii? Hivi huyu ndiye wewe, au nimekosea nyumba?"

"Kaka yako amekupa kioo. Maji yaliyomo ni yangu, na sina pa kuyamwaga."

Wifi akacheka kicheko cha pua. "Maji yakimwagika hayazoleki, wifi yangu. Ulishayamwaga siku ile."

"Basi ndiyo maana nateka mengine," akajibu Mama Pasi, akasimama kati ya mkokoteni na mlango, mkono kiunoni. Kule uani Mzee Gia aliyasikia yote. Hakugeuka, lakini wala hakumtetea dada yake. Wifi akaondoka na mkokoteni mtupu, ananung'unika njia nzima.

Maji yakaja yakatakata yenyewe, bila mkono wa mtu. Mama Pasi hakuamini. Muuza samaki akayapima, akasema sasa, na wale watatu wakatolewa ndooni: jike mmoja na madume wawili. Wakashuka mchangani, wakaanza kuchokoachokoa kwa sharubu zao. Akawalisha minyoo. Yeye, Mama Pasi, aliyekuwa akiona unywele kwenye meza anakosa hamu ya kula, alifuga minyoo kwenye kopo chini ya meza ya pasi na kuikatakata kwa wembe kila asubuhi. Jike akanenepa, tumbo likamjaa. Kutaga akagoma.

"Anasubiri mvua," alisema muuza samaki. "Kwao mvua ikinyesha maji yanapoa, wanajua vyakula vinakuja. Kinga mvua yenyewe, pale penye uwazi, isipite kwenye bati. Umimine polepole."

Mvua ilikuja mchana mmoja bila hodi, na kamba zote zimejaa mashuka ya nyumba ya wageni, yamekauka, yanasubiri pasi. Dobi yeyote duniani akisikia tone la kwanza anajua pa kukimbilia. Mama Pasi alikimbilia beseni. Alizitoa zote, akazipanga katikati ya ua, akasimama anazihesabia matone huku mashuka yakilowa nyuma yake. Wateja watasema nini, watajua wenyewe. Alipogeuka alimkuta Mzee Gia amesimama chini ya kamba, amelowa chepechepe, anaanua mashuka na kuyatupia begani moja baada ya jingine. Aliyaingiza ndani, akarudi kwenye ukuta wake.

Kesho yake asubuhi, maji ya mvua yakiwa yameshaingia tangini, yule jike alikuwa anakimbizwa huku na huku na madume wawili. Kisha akasimama, amekunja mapezi ya tumboni kama kiganja, na ndani yake kuna yai. Akapanda nalo kiooni, akalibandika. Akashuka, akarudia. Mama Pasi alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka na hajui. Na hapo hapo dume mmoja akapanda, akalinyonya yai moja akalimeza.

Muuza samaki alikuwa amemwonya juu ya hilo. Mayai yaviringishwe kwa kidole, yahamishiwe kwenye bakuli kabla wazazi hawajayala. Akanyanyua mkono, akauona. Alikuwa ametoka kwenye sabuni wakati huo huo, na sabuni ya dobi haikai juu ya ngozi, imo ndani ya nyufa. Aliushusha. Akameza kiburi chake chote kwa mkupuo.

"Baba," aliita. "Njoo. Mimi siwezi kuyagusa."

Alikuja. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akayaona mayai yaliyobandikwa kiooni. Akakunja mikono ya shati, akainama, akaanza kuyatoa kwa ncha ya kidole, taratibu, naye Mama Pasi ameshika bakuli. Mara mzee akasema, macho yako kiooni, "Nilidhani uliwaua makusudi."

"Ulidhani hivyo siku zote hizi?"

"Ulikuwa hupiti hapa ila umenuna."

"Nilikuwa nanuna kweli. Niliwaonea wivu."

"Samaki?"

"Samaki. Lakini sikuwaua kwa wivu, baba. Nilitaka ukirudi ufurahi. Sabuni ndiyo kitu pekee ninachokijua." Alilisogeza bakuli karibu na mkono wa mumewe. "Nilikungoja miaka yote utoke barabarani. Ukatoka, ukakaa hapa. Kisogo chako nakijua kuliko uso wako."

Mzee Gia alibaki na yai moja kwenye ncha ya kidole. Akaliweka bakulini. Kisha akageuka, akakaa sakafuni, mgongo kwenye tangi, akamtazama mkewe usoni. Nyuma yake dume alikuwa ameanza tena kupanda kiooni.

"Yapo mengine," Mama Pasi alisema. "Yataliwa."

"Yaliwe," alisema Mzee Gia. "Endelea, nakusikiliza."